Sarafu Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Wa kwanza kumpa Mwanamvua habari ile alikuwa Bi Tunu, muuza maandazi wa langoni pa nyumba ya makumbusho.

"Usiingie mbio, mwanangu," Bi Tunu alimwambia, akimvuta pembeni kwa upindo wa kanga. "Humo ndani hakukaliki. Sarafu ya Mrumi imeibwa. Mzee Shaame wamemkalisha ofisini tangu asubuhi, na funguo wamemnyang'anya."

Mwanamvua, mfagiaji wa nyumba ile, alikuwa ametoka kliniki kumpima mtoto uzito. Mwanawe Hidaya, wa miezi saba, alikuwa amelala mgongoni. Ilikuwa saa tano.

"Imeibwa vipi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Watu walizoea kumwambia aseme tena.

"Imebadilishwa. Ile ya kijani imechukuliwa, pale pake imewekwa mpya inayong'aa kama jino la dhahabu. Bwana Mhina kasema saa nane anapiga simu polisi. Mtaa mzima tunasema Mzee kaiuza kwa mabaharia. Na mwezi ujao alikuwa astaafu. Tazama tamaa ya mtu."

Mwanamvua alihisi kama maziwa yanamkauka kifuani.

Sarafu ile haikuibwa. Haikubadilishwa. Jana alasiri aliisugua yeye mwenyewe.

"Nawe ukiulizwa, sema hujui kitu," Bi Tunu aliongeza, akigeuza maandazi. "Mdomo uliponza kichwa."

Sarafu yenyewe ilikuwa ya shaba, upana wake kama kifuniko cha chupa ya soda, ila nene zaidi. Ilipigwa Misri, zamani Warumi walipoitawala nchi ile. Uso mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme wa Roma, uso wa pili tai amesimama. Ilikuwa imekaribia miaka elfu moja na mia tisa, na miaka hiyo yote ilikuwa imeivika ganda la kijani lililokolea hata likawa karibu jeusi. Mfalme alionekana kama mtu aliyejifunika blanketi. Katika vitu vyote vya nyumba ile, hicho ndicho walichokifuata wageni.

Jumatatu ya wiki ile, Bwana Mhina, mkuu wa makumbusho, aliwakusanya wafanyakazi wake.

"Jumamosi tunapokea wageni kutoka makumbusho makuu," alisema. "Sitaki kuona vumbi. Kila cha shaba king'ae."

Katika mji ule, mwanamke akishaambiwa maneno hayo hahitaji maelezo mengine. Sikukuu ikikaribia, au harusi, masinia ya shaba hutolewa uani, yakasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka mtu aone meno yake ndani yake. Kuacha shaba ikiwa kijani mbele ya wageni ni aibu ambayo mama mkwe ataisimulia mwaka mzima.

Kwa hiyo Mwanamvua alisugua. Alianza na masinia, akaja kwenye mabuli, akaja kwenye misumari ya makasha. Jumanne alasiri ikabaki sarafu peke yake. Akamwomba ufunguo Mzee Shaame, mlinzi wa kabati. Kwa sheria ya nyumba, ufunguo ule haupewi mtu. Lakini Mzee Shaame alimpa, akampakata Hidaya ili mama mtu apate mikono miwili.

Alisugua kwa nusu saa. Ganda lilitoka polepole, maji yakawa kama ya mchicha. Mfalme akatokea, pua, jicho, kisha kidevu.

"Kumbe alikuwa mtu wa ndevu," Mzee Shaame alisema.

Walicheka wote wawili. Mwanamvua akaikausha sarafu, akairudisha mahali pake, akaenda zake nyumbani na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Sasa alikuwa amesimama langoni, na furaha ile imegeuka jiwe.

Aliingia, akachukua fagio, akaanza kufagia ukumbi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mara ya kwanza alipopita alimwona Mzee Shaame ameketi kwenye kiti cha mbao, kofia yake ya kazi imewekwa juu ya meza kama kitu kisicho na mwenyewe. Mara ya pili macho yao yalikutana. Mzee alitikisa kichwa kidogo sana. Ilikuwa kama kumwambia, pita.

Mwanamvua alipita.

Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alijiambia kwamba Mzee atasema mwenyewe, kwamba Bwana Mhina atatambua, kwamba haiwezekani watu wazima wasilione jambo lililo wazi namna ile. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Hakuna aliyesema, na hakuna aliyetambua. Yeye alikuwa kibarua, hana hata karatasi ya kuajiriwa. Baba wa Hidaya alikwenda kutafuta maisha kabla mtoto hajazaliwa, na mpaka leo hakuwa ameyapata. Akifukuzwa pale, hakuna pengine.

Saa nane kasoro robo Hidaya aliamka akalia. Mwanamvua aliketi kwenye ngazi kumnyonyesha. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akamtazama mama yake usoni bila kupepesa, kama watoto wanavyofanya. Ndipo Mwanamvua akamsikia karani akisema ndani ya ofisi, "Bwana, namba ya kituo hii hapa."

Aliinuka. Hakubisha hodi.

"Bwana, sarafu haikuibwa. Niliisugua mimi."

"Nani kakuita?" Bwana Mhina aliuliza. "Na sema kwa sauti, sikusikii."

"Sarafu haikuibwa, Bwana. Niliisugua mimi kwa ukwaju na majivu."

 Bwana Mhina alimgeukia mlinzi.

"Mzee Shaame. Ufunguo jana ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu," alisema Mzee Shaame. "Haukutoka kiunoni mwangu. Huyu binti anasema uongo ili aniokoe. Ana huruma za kitoto. Mrudishe akafagie."

Mwanamvua alidhani hakusikia vizuri.

"Babu, si ulinipa kwa mkono wako? Si ulimpakata Hidaya?"

"Sikumbuki."

"Si ulisema mfalme ana ndevu?"

"Mimi mtu mzima, nasahau yaliyokuwapo," Mzee alisema bila kumtazama. "Wewe kijana, unakumbuka yasiyokuwapo."

"Kwa hiyo, Mzee, umeiba?" Bwana Mhina aliuliza.

"Andika unavyoona, Bwana."

Bwana Mhina aliiokota sarafu mezani, akaiweka kiganjani. Iling'aa mno. Ilikuwa kana kwamba imetoka kiwandani wiki iliyopita.

"Nimeipima," alimwambia Mwanamvua. "Daftari linasema gramu ishirini na mbili na nusu. Hii ni ishirini na moja. Kitu hakikondi kikiwa kabatini."

"Ganda lilikwenda na maji, Bwana."

"Kila mwizi ana maji yake," alisema Bwana Mhina, akaushika mkono wa simu.

 Mwanamvua hakuwa amewahi kumjibu mkubwa yeyote maneno zaidi ya matatu. Lakini aliona kidole cha Bwana Mhina kinabonyeza namba ya kwanza, kisha ya pili.

"Bwana, umetazama rangi," alisema. "Umetazama uzito. Umetazama ukingo?"

Kidole kilisimama.

"Ukingo gani?"

"Ukingo wa sarafu. Nimeusugua kwa hiki kidole gumba, naujua. Umepasuka mahali pawili. Mpasuko mkubwa uko juu ya kichwa cha mfalme. Mdogo uko chini ya mkia wa tai. Na tai mwenyewe hana ukucha wa kushoto, umeishia nje, kwa sababu aliyeigonga aligonga upande. Picha ya zamani iko daftarini. Itazame, Bwana. Kama ile ya kwenye picha haina hayo, nami nipeleke polisi pamoja na Mzee."

"Mtoto huyu atakuponza," Mzee Shaame alimwambia Bwana Mhina, kwa sauti iliyoanza kupasuka. "Piga simu yako yaishe."

 Bwana Mhina aliweka simu chini, akavuta daftari kubwa, akafunua kurasa. Picha ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, imepigwa kabla Mwanamvua hajazaliwa. Alichukua kioo cha kukuzia. Alitazama picha, akatazama sarafu. Akaigeuza sarafu, akatazama tena. Karani alisogea nyuma ya bega lake. 

Sarafu za zamani zile hazikutoka kwenye mashine. Kila moja ililazwa peke yake chini ya nyundo, ikapigwa, na ilipopigwa ikapasuka kwa namna yake. Haziwi mbili zenye mpasuko mmoja, kama vile hawawi watu wawili wenye alama moja ya kidole. Bwana Mhina aliwafundisha wanafunzi maneno hayo kila wiki. Siku ilipomfika yeye, yalimtoka kichwani.

"Mpasuko juu ya kichwa," alisema taratibu. "Mpasuko chini ya mkia." Akaisogeza sarafu karibu na jicho. "Na ukucha haupo."

Aliketi.

"Ni ile ile."

Mzee Shaame aliinamisha uso, akaufunika kwa mikono yake miwili. Mwanamvua alitaka kumshukuru Mungu, lakini aliona macho ya Bwana Mhina, akasubiri.

"Unajua ulichofanya?" Bwana Mhina alimwuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ganda lile ndilo lililokuwa umri wake. Miaka elfu na mia tisa ililiweka, wewe ukaliondoa kwa nusu saa. Ingeibwa, ningeitafuta. Sasa nitatafuta nini? Niende nikachote maji uani?"

"Nisamehe, Bwana."

"Ndani ya kabati kuna karatasi. Imekataza sarafu isisafishwe."

"Karatasi ile ni ya Kiingereza, Bwana. Mimi nimeishia darasa la saba. Jumatatu wewe ulitwambia kwa Kiswahili, kila cha shaba king'ae."

Karani aliangalia dirishani. 

"Nilisema," Bwana Mhina alikiri mwishowe. Kisha akamgeukia mlinzi. "Nawe Mzee, ulikuwa unajua. Kwa nini ukajitia kitanzi mwenyewe?"

"Mimi mwezi ujao namaliza," Mzee Shaame alisema. "Huyu ana mtoto wa miezi saba. Niliangalia nani kati yetu ana njia ndefu mbele yake."

"Na kama ungefungwa?"

"Nilidhani mngezionea haya mvi zangu."

Bwana Mhina alimrudishia kofia yake kwa mikono miwili. "Nenda ukapumzike, Mzee. Kesho funguo zako utazikuta hapa. Mwanamvua, nawe kesho saa mbili kamili uwe mbele ya meza hii. Nitakuwa nimeamua kama una kazi au huna. Usichelewe hata dakika moja."

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Mwanamvua naye alidhani hivyo. Walitoka pamoja, Mzee mbele, yeye nyuma hatua chache, kwa kuwa njia yao ilikuwa moja.

Kutoka makumbusho mpaka kwa Mzee Shaame kuna mtaa mmoja mwembamba. Kwa miaka thelathini na moja Mzee alikuwa akiupita asubuhi na jioni kwa salamu, kushoto na kulia, kama mtu anayesoma tasbihi.

Siku ile fundi cherehani alipomwona alijiinamia kwenye cherehani, naye hakuwa na kitambaa chini ya sindano. Mama mmoja aliwaita wanawe waingie ndani. Mzee alitoa salamu barazani walipokaa wanaume wakinywa kahawa, na aliyeitikia alikuwa mmoja, tena kwa chini.

"Mzee, Mrumi hajambo?" mwingine aliuliza.

Wenzake walicheka ndani ya vikombe vyao. Mzee Shaame hakugeuka. Alitembea mpaka mlangoni kwake, akasimama mkono ukiwa juu ya komeo.

"Mwanangu," alisema, "kesho mwambie Bwana Mhina siji."

"Babu, si umeachiwa?"

"Nimeachiwa na Bwana Mhina. Hawa hawakunikamata kwa barua, wala hawataniachia kwa barua."

"Waambie basi. Waambie ilivyokuwa."

"Mwizi akisema mimi si mwizi, ni nani atakayesikia?" Mzee alitabasamu, lakini macho hayakuwamo katika tabasamu lile. "Nenda kamnyonyeshe mtoto. Umefanya uliloweza."

Mlango ukafungwa.

Mwanamvua alikwenda nyumbani. Alipika, akala kidogo, akamwogesha Hidaya. Neno moja halikumtoka: umefanya uliloweza. Alijua si kweli. Alikuwa amefanya lililomtisha mara moja tu, mbele ya watu watatu. Waliokuwa wanamwita Mzee mwizi walikuwa mtaa mzima.

Asubuhi iliyofuata alimfunga Hidaya mgongoni, akafika mpaka mbele ya lango la makumbusho. Ilikuwa saa moja. Hakuingia. Aligeuka, akaanza na mlango wa kwanza wa mtaa ule.

"Hodi."

Hakuna aliyesikia.

"Hodi," alirudia, safari hii kwa nguvu.

Alitoka fundi cherehani, mswaki mdomoni.

"Karibu. Kuna nguo?"

"Hakuna nguo. Nimekuja kusema neno. Mzee Shaame hakuiba sarafu. Niliisugua mimi kwa ukwaju na majivu, ikabadilika rangi. Sarafu ni ile ile, iko palepale."

Fundi aliutoa mswaki.

"Na umetumwa na nani?"

"Sikutumwa."

Akaenda mlango wa pili. Akaenda wa tatu. Kwenye wa nne alikuwa anakaa Bi Tunu, naye alikuwa anakanda unga wa maandazi. Aliposikia, mikono yake ilisimama ndani ya beseni.

"Nami nimekwisha kuwaambia watu wangapi," alisema polepole. 

Mlango wa sita mwanamume mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa ukwaju? Mrumi wa watu ukamfanya sinia?"

"Ndiyo," alisema Mwanamvua. "Lakini Mzee hakuiba."

Mlango wa tisa haukufunguliwa. Alisema maneno yake hivyo hivyo, mbele ya mbao, mpaka aliposikia mtu akikohoa upande wa ndani.

Mlango wa kumi mama mmoja alimshika mkono kwa huruma. "Mtoto wa watu, wajiaibisha bure. Jambo lenyewe litapoa."

"Aibu hii ni yangu, mama," Mwanamvua alimjibu. "Nimekuja kuichukua. Ilikuwa imewekwa kwa asiye wake."

Alipofika mlango wa kumi na mbili, redio ndani ya nyumba ile ilitangaza saa mbili kamili. Mwanamvua alisimama katikati ya njia. Kutoka pale aliliona lango la makumbusho, limekwisha kufunguliwa. Akikimbia, angechelewa dakika tatu. Mbele yake milango ilikuwa imebaki tisa.

Alimpandisha Hidaya vizuri mgongoni, akabisha wa kumi na tatu.

Wakati huo sauti yake haikuwa ndogo tena. Watu wa milango ya mbele walikuwa wanatoka kabla hajafika, na wa nyuma hawakuwa wamerudi ndani. Barazani, yule aliyeuliza habari za Mrumi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwaga kahawa iliyobaki kikombeni, akatazama chini.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mzee Shaame.

"Hodi, babu. Shikamoo."

 Mzee aliitikia kutoka ndani, "Marahaba. Nilikwambia siji."

"Nimepita mlango kwa mlango, babu, tangu langoni. Nimewaambia wote. Toka twende, tumekwisha kuchelewa."

Komeo liligeuka. Mzee Shaame alitoka, kofia mkononi. Alitazama mtaa, akaona watu wamesimama milangoni kama siku ya kumpokea msafiri. Baadhi yao hawakujua waweke wapi macho yao. Fundi cherehani ndiye aliyeanza.

"Asalaam aleikum, Mzee Shaame."

Mzee alivaa kofia kwanza, akainyoosha.

"Waaleikumu salaam," aliitikia.

Wakaanza kutembea, yeye na Mwanamvua na mtoto, kushoto salamu, kulia salamu, kuelekea kwenye meza ambako Mwanamvua hakujua kama bado ana kazi.

Funzo: Jina la mtu likichafuliwa barazani, halisafishwi ofisini. Ukikosea na mwenzako akabeba lawama yako, usiishie kukiri kwa mkubwa faraghani. Wafuate wote waliosikia ubaya wake, uwaambie ukweli kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama sauti yako ni ndogo. Na ikiwa kuna mlango wa namna hiyo unaokungoja wewe, kabishe kwanza, ndipo umfikishie mwenzako hadithi hii.